Mpango wa Bata Mzinga

Jumatatu, 2 Februari

Presha asubuhi 138 kwa 86. Vidonge vitatu na nusu. Kazini saa moja kamili. Lifti ya kwenda stoo ya mashuka ni mbovu tena, nimepanda ngazi. Kila ghorofa nimesimama nikijifanya nasoma matangazo ukutani. Lile la kunawa mikono nalijua sasa kwa ghibu.

Nyumbani saa kumi na nusu. Chai. Kisha kibao, dakika ishirini. Ni duara la jiwe jeusi ndani ya kikombe cha mbao. Ukilikwaruza kwa kijiti linatoa sauti ya jike la bata mzinga. Kwangu linatoa sauti ya mlango wa kabati. Jike huita mara saba au nane, fupi fupi, kisha hunyamaza. Kunyamaza naweza.

Bado siku sabini na saba msimu ufunguliwe.

Jumamosi, 7 Februari

Nimeandika mpango upya, ukurasa mmoja, ili nisijidanganye.

Yusufu ni mwanangu wa kwanza. Yuko Missouri, Marekani; mimi niko London. Miaka minne sijasema naye. Alioa huko bila posa, bila mjomba kutumwa, bila kuniambia. Akapiga simu wiki mbili baada ya ndoa, kama mtu anayetoa taarifa ya kuhama nyumba. Nilimwambia sina mtoto mwenye jina hilo na radhi yangu asiihesabu. Nikakata simu. Nilingoja arudi kuomba msamaha, maana mdogo ndiye anayemwanza mkubwa. Hakupiga. Sikupiga. Niliwaagiza watu wa nyumbani waache kuniita Baba Yusufu, waniite Baba Saida, kwa jina la binti yetu. Wakatii.

Desemba nilianguka stoo, katikati ya toroli mbili. Vali ya moyo. Operesheni ni Jumanne, 5 Mei. Daktari alisema wengi huamka salama. Nililiandika neno hilo: wengi.

Kabla ya kuanguka, mwezi wa Novemba, ilikuja barua ya mkono kutoka kwa Dale, baba wa mke wa Yusufu. Kwao kila Aprili wanaume huingia msituni kuwinda bata mzinga wa porini. Yeye na Yusufu hukaa chini ya mti mmoja. Aliandika kwamba mti ni mpana, nafasi ya tatu ipo. Yusufu hajui kwamba ameniandikia. Baadaye akatuma kibao kwa posta. Sikumjibu mpaka nilipotoka hospitali.

Nataka kumwona Yusufu kabla ya tarehe tano. Nisipoamka, neno nililomwambia litabaki limesimama, na hakuna mwingine wa kuliondoa. Ndiyo sababu. Nyingine sina.

Rehema, mke wangu, anajua habari ya operesheni. Nimemkataza asimwambie Yusufu. Sitaki huruma yake.

Alhamisi, 12 Februari

Dale ameleta masharti kwa barua pepe. Nimeyanakili.

Usivae chekundu, cheupe wala buluu. Ndizo rangi za kichwa cha dume, na mwindaji mwingine aliyejificha anaweza kukulenga. Kofia yangu nyeupe ibaki London. Rehema amekubali kunifumia ya kijani. Anauliza kwa nini nisivae kofia ya duka kama watu. Anafuma hata hivyo.

Keti, mgongo kwenye mti mpana kuliko mabega yako. Usitikise hata kidole. Dume anaona kope. Anapigwa dume tu, mwenye ndevu zinazoning'inia kifuani. Jike haguswi, yuko kwenye mayai. Ukimwona mtu usimpungie mkono, sema kwa sauti.

Mwishoni ameandika jambo jingine, kama limemponyoka. Kwamba Yusufu kabla ya kufyatua hunong'ona neno. Kila mara, neno lile lile. Hajawahi kumuuliza ni nini.

Mimi najua ni nini. Ni Bismillahi. Nilimfundisha akiwa na miaka sita, Pangani, na jogoo mkononi.

Nikafunga kompyuta nikaenda bafuni. Nikafungua maji.

Jumatano, 18 Februari

Ramadhani mosi. Daktari amenikataza kufunga. Nimekula mkate jikoni nimesimama, kama mwizi.

Nimejaza fomu ya kibali cha kuingia Marekani, kwenye mtandao. Pasipoti ya Uingereza haihitaji viza, kibali tu, kinatoka kwa siku mbili tatu. Maswali mengi. Moja: umewahi kunyimwa viza ya Marekani? Nikiwa kijana niliiomba Dar es Salaam, nimfuate rafiki yangu Houston. Nikanyimwa. Zaidi ya miaka thelathini. Karatasi ile ilikwisha liwa na mchwa.

Nimejibu hapana.

Ijumaa, 20 Februari

Kibali kimekataliwa. Mstari mmoja. Mchwa wa Dar es Salaam hawakula kitu.

Mimi ninayehesabu mashuka mara mbili kila asubuhi. Mimi ninayemkemea mtu akiandika arobaini badala ya thelathini na tisa. Nimesema uongo kwenye fomu, uongo wa kitoto, na sikuwa na haja nao.

Jumanne, 24 Februari

Njia iliyobaki ni viza kamili, kwa usaili ubalozini. Nimelipa, nimejaza, safari hii kweli tupu. Tarehe ya karibu: Julai.

Julai sina faida nayo. Watu wakiahirisha, nafasi hurudi kwenye ukurasa. Basi nitautazama ukurasa mara tatu kwa siku: baada ya alfajiri, mapumziko ya saa saba, baada ya futari. Nimechora jedwali. Kila nikitazama naweka alama.

Jumapili, 1 Machi

Greenwich Park, mazoezi ya kukaa. Nimechagua mti mpana, nimeketi kwenye mfuko wa plastiki, mgongo umenyooka. Lengo dakika arobaini. Nimefika kumi na saba. Mzee mmoja na mkewe wamenisogelea kuuliza kama naumwa. Nimewasemesha kwa sauti bila kupunga mkono, kama masharti yanavyotaka. Wameondoka wakigeuka geuka. Mara ya pili dakika ishirini na sita, mbwa akaja akauinulia mguu mti wangu. Sikutikisika. Hilo Dale angelipenda.

Miguu imevimba. Sokisi zimeacha alama hadi jioni.

Alama kwenye jedwali: kumi na tano. Nafasi: hakuna.

Ijumaa, 13 Machi

Bi Pauline wa ghorofa ya chini amepanda juu. Ni mjane wa Kijamaika, mpole, hajawahi kulalamika hata siku bomba letu lilipopasuka. Amemuuliza Rehema kama tumeleta kuku ndani. Rehema akamwambia si kuku, ni mume. Wamecheka pale mlangoni mpaka wakashikana.

Kisha Rehema akaja sebuleni akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Baba Yusufu," akasema, "miaka thelathini na mbili sijakusikia ukiniita kwa sauti tamu namna hiyo. Leo unamwita dume la Marekani."

Nilicheka. Kisha nikasikia jina aliloniita. Na yeye akalisikia. Hakulirudisha. Mimi pia sikumrekebisha. Akaenda kukaanga sambusa.

Alama hamsini na moja. Hakuna.

Ijumaa, 20 Machi

Idi. Nimeswali nimeketi kwenye kiti, safu ya nyuma, pamoja na wazee. Baada ya swala watu wamenishika mkono: Idi mubarak, Baba Yusufu. Msikitini hawakuwahi kupokea agizo langu.

Mchana Rehema alikuwa chumbani, mlango umerudishwa. Alikuwa akiongea na Yusufu. Huongea naye kila Jumapili na kila sikukuu, na mimi kila mara hukumbuka kazi jikoni. Leo nilikuwa nampelekea sahani ya tambi. Nikasimama kwenye ukumbi. Sauti yake ikatoka kwenye simu, nzito kuliko nilivyoiacha. Alikuwa anaeleza jinsi ya kupika pilau kwenye jiko la umeme. Neno moja moja nilisikia. Mdalasini. Dakika kumi. Mama, usicheke.

Tambi zikapoa mkononi. Nikazirudisha jikoni.

Hakuuliza habari yangu. Au aliuliza kabla sijafika.

Jumanne, 24 Machi

Nafasi.

Saa saba na dakika nane mchana, nikiwa stoo, mkate mkononi. 14 Aprili. Nimeibofya mara mbili kwa kuogopa. Imekubali. Msimu unafunguliwa Jumatatu tarehe 20. Usaili tarehe 14, pasipoti irudi tarehe 16 au 17, ndege Jumamosi 18. Inawezekana. Ni nyembamba kama uzi, lakini inawezekana.

Nimeomba likizo ya wiki moja. Msimamizi wangu ni kijana wa Kighana, mwenye adabu. Aliuliza naenda wapi. Nilipomwambia aliniangalia kwa muda, kisha akasaini.

Ijumaa, 3 Aprili

Wiki mbaya. Jumatano usiku pumzi ilikatika, nimelala nimekaa. Leo daktari wa moyo. Nilihitaji barua kwamba naweza kuruka. Alisema hapendi. Alisema angenishauri nibaki. Nikamwambia sababu, yote, hata lile neno nililomwambia mwanangu. Sikuwa nimepanga kusema. Mkalimani hakuwepo, nilisema kwa Kiingereza changu cha stoo, na kwa Kiingereza mambo yalitoka makavu, kama ya mtu mwingine.

Ameandika barua. Kiti cha karibu na njia, nitembee kila saa, vidonge mkononi. Alipoifunga bahasha alisema anatumaini mwanangu anajua.

Mwanangu hajui lolote.

Nimeketi kituo cha basi. Mabasi matatu yamepita, yote yangu.

Ninaogopa. Naandika hivyo kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Siogopi kisu. Naogopa watanifunga sanda na Yusufu atasimama upande wa pili wa dunia akiwa mtoto asiye na radhi, na mimi ndiye niliyemfanya hivyo kwa simu ya dakika mbili.

Ijumaa, 10 Aprili

Begi tayari. Suruali ya kijani ya soko la Lewisham, mtaani kwetu, koti la kahawia, kofia ya Rehema. Zawadi kwa Dale: kahawa, kikoi cha kijani kibichi. Nilipekua maduka matatu Ilford kutafuta kikoi kisicho na uzi mwekundu wala mweupe. Mwenye duka, Mhindi aliyezaliwa Mombasa, aliniuliza kwa Kiswahili safi kama nimegombana na rangi.

Saida amenipigia picha nimevaa vyote. Huelewa Kiswahili chote, hujibu kwa Kiingereza. Amesema nafanana na kichaka chenye wasiwasi.

Kibao kimeanza kukubali. Jana sauti saba, safi, nikashtuka mwenyewe.

Jumanne, 14 Aprili

Foleni nje, mvua. Ndani foleni nyingine. Dirisha. Kijana wa miaka kama thelathini, miwani, mwenye heshima. Sina la kumlaumu.

Aliuliza safari ya nini. Kuwinda bata mzinga. Akatabasamu, akasema yeye pia baba yake alikuwa akimpeleka. Nikaona mlango umefunguka. Akauliza habari ya fomu ya kwanza. Nikakiri, nikasema niliona aibu. Akaandika. Akauliza nitakaa kwa nani. Kwa mwanangu na baba mkwe wake.

"Mwanao anafanya kazi gani?"

Sikujua.

Anwani yake? Nilikuwa na ya Dale tu. Jina la mkewe? Emily. Jina la ukoo? La Dale, nadhani, au la kwetu sasa. Wana watoto? Nikasema sijasikia. Aliposikia hivyo aliacha kuandika.

"Mara ya mwisho mlizungumza lini?"

Ningeweza kusema uongo. Nilikwisha jaribu njia hiyo. Nikasema miaka minne. Nikasema ndiyo maana nakwenda. Nikamwonyesha barua ya Dale, barua ya daktari. Akazisoma zote mbili, taratibu. Akasema anasikitika. Kwa niliyomwambia, hawezi kuridhika na safari hii. Akanirudishia pasipoti pale pale na karatasi ya kijani ya kunikatalia.

Nyuma yangu alikuwa mama mwenye watoto mapacha. Nikampisha.

Nimetembea kutoka ubalozini, kando ya mto, hadi sijui wapi. Mvua. Naomba nisahau uso wa yule kijana. Si kwa ubaya wake. Alikuwa ananihurumia, na alikuwa na haki. Nilipeleka ubalozini faili lenye karatasi ishirini na mbili, zimepangwa kwa tarehe, na ndani yake hapakuwa na kitu chochote kuhusu mwanangu.

Jumatano, 15 Aprili

Sikwenda kazini. Sikula. Presha sikupima.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimemwandikia Dale. Mistari minne. Siji, nimekataliwa, asante kwa mti.

Amejibu baada ya saa moja. Hakuandika pole nyingi. Ameandika kwamba Jumatatu wataingia msituni kama kawaida, na saa kumi na mbili watakuwa wametoka, wameketi nyuma ya gari lake wakinywa kahawa. Nipige saa hiyo. Nimpigie Yusufu mwenyewe, si yeye Dale. Atakuwa pembeni, hatamwambia kitu.

Nilimwonyesha Rehema. Alisoma mpaka mwisho, akavua miwani. Nikaanza kumweleza kwamba haifai, mzazi hamwanzi mtoto, kwamba nikipiga mimi itakuwa kama nimekiri. Aliniacha niseme yote.

"Nimepita kati yenu miaka minne kama mtu anayevusha maji kwa viganja," akasema. "Nimechoka, Baba Yusufu. Piga. Au kufa nalo."

Akaondoka. Baadaye nilimsikia akilia bafuni, maji yamefunguliwa. Kumbe wote wawili tunatumia bomba lile lile.

Nimechukua saa ya zamani ya kengele, nimeirudisha nyuma saa sita, sasa inaonyesha saa za Missouri. Iko mezani mbele yangu. Saa kumi na mbili, Jumatatu. Sitakosea tena.

Jumapili, 19 Aprili

Nimeandika nitakayosema. Rasimu ya kwanza kurasa mbili. Ya pili ukurasa. Ya tatu:

Yusufu, ni baba yako. Nilikosea kukuondolea radhi. Nimeirudisha. Nina operesheni tarehe tano.

Basi. Nimeisoma kwa sauti mara tano. Mara ya tano sikumaliza.

Jumatatu, 20 Aprili

Naandika saa tisa mchana.

Rehema alikwenda sokoni makusudi. Tangu asubuhi nilikaa mbele ya ile saa ya kengele na sikutazama nyingine. Mshale mfupi ulipofika sita nikaisoma kama ninavyosoma saa zote tangu nazaliwa: saa kumi na mbili. Nikapiga.

Iliita mara nne. Ikapokelewa. Hakuna aliyesema halo. Upepo, majani, kitu kinakwaruza. Kisha mnong'ono, karibu sana, kana kwamba yuko sikioni mwangu.

"Baba. Nyamaza. Anakuja."

Karatasi ilikuwa mkononi. Nikaiweka chini polepole, nisije nikaichakarisha.

Nikanyamaza. Nilikaa kwenye kiti changu London, mgongo umenyooka, sitikisiki. Nilisikia Dale akikwaruza kibao chake, sauti saba, na nikajua jinsi yangu zilivyo mbaya. Kimya. Kisha kwa mbali mlio wa dume, ule ninaousikia kwenye video za uwindaji, lakini huu ulikuwa hai, ulikuja ukivunjika vunjika. Mara nyingine, karibu zaidi. Nilimsikia mwanangu akipumua kwa pua. Akiwa mdogo alikuwa na pua ya mafua daima, na mpaka leo inapiga filimbi kidogo. Dakika tisa, simu imeandika. Mtu anayepumua. Miaka minne nimelala nikiwaza maneno ya kwanza yatakuwaje.

Sikusikia Bismillahi. Sikusikia bunduki.

"Ameondoka," akasema. "Alikuwa mdogo, hana ndevu. Baba, kuna nini? Mama mzima?"

Mzima.

"Saida?"

Mzima.

"Sasa mbona unapiga alfajiri?"

Nikamwambia si alfajiri, ni saa kumi na mbili, Dale ameandika saa kumi na mbili mmekwisha toka.

"Kumi na mbili ya Dale ni saa sita mchana, baba. Kizungu. Huku jua ndiyo kwanza linachomoza."

Niliitazama ile saa ya kengele. Nikatazama dirisha, jua la adhuhuri limejaa Lewisham. Mimi, mwenye jedwali. Nilikuwa nimeyapokea maneno ya Mzungu kwa Kiswahili na kuisoma saa ya Mzungu kwa Kiswahili, na kila hatua nikiihakikisha mara mbili.

Yusufu akaanza kucheka. Alijaribu kuzuia, akashindwa, nikamsikia Dale akiuliza kuna nini, na yeye akijaribu kumweleza kwa Kiingereza jinsi kwetu siku inavyoanza kuhesabiwa jua likichomoza, na Dale haelewi, na yeye anacheka zaidi. Mimi nilicheka pia. Kifua kiliuma. Sikujali.

Kicheko kilipokwisha pakawa pabaya. Wote wawili tulisikia.

Karatasi ilikuwa chini ya meza. Nikauliza lililokuja.

"Unafanya kazi gani, Yusufu?"

"Natengeneza meno ya bandia, baba."

Nikamwambia ni kazi nzuri. Nikamwambia radhi yangu anayo. Kwamba nilimwondolea kwa hasira na sikuwa na haki, na kwamba ningeirudisha zamani ila nilikuwa nangoja anianze. Sauti yangu haikuwa nzuri.

"Nimesikia, baba," akasema. Hilo tu.

Kisha nikamwambia habari ya moyo. Desemba, vali, tarehe tano. Akauliza nani anajua. Nikasema wote nyumbani. Na Dale? Dale anajua sehemu.

Upepo.

"Wote isipokuwa mimi," akasema. "Siwezi kuongea sasa, baba." Akakata.

Rehema amerudi na mchicha. Hajauliza. Ameniangalia tu usoni, kisha akaitoa betri ile saa ya kengele.

Alhamisi, 23 Aprili

Siku tatu. Hajapiga. Kwangu wala kwa mama yake.

Nilijua naweza kunyimwa msamaha. Sikujua kungoja kwa aliyekwisha sema kuna uzito zaidi kuliko kungoja kwa asiyesema. Kabla ya Jumatatu nilikuwa na neno moja mkononi. Nimelitoa. Sasa mkono mtupu.

Presha 156 kwa 94. Kazini wamenipa kiti.

Jumapili, 26 Aprili

Amepiga. Saa yake ya kawaida ya Jumapili, lakini simu yangu. Nilikuwa jikoni. Rehema hakunisaidia, alitoka akafunga mlango.

Alikuwa na hasira. Aliisema yote, dakika arobaini. Kwamba alinipigia wiki mbili baada ya ndoa kwa sababu wiki mbili zote alikuwa akikusanya ujasiri. Kwamba Emily alipoteza mimba mwaka wa pili na alitaka kuniambia mimi, si mama, na alikaa na simu mkononi mpaka asubuhi. Kwamba sasa nimempa radhi na ugonjwa katika pumzi moja, na hajui kama nimempa kwa sababu ninampenda au kwa sababu ninakufa.

Nikamwambia sijui ningefanya nini nisingeanguka. Ndiyo kweli. Pengine ningekuwa bado nangoja.

Akasema afadhali hivyo kuliko ningemdanganya.

Hatukuagana kwa uzuri. Lakini tuliagana.

Jumatano, 29 Aprili

Amepiga dakika nne. Aliuliza jina la daktari na vali ni ya aina gani. Aliandika. Nilisikia kalamu. Hawezi kuja, hana likizo iliyobaki, na sikumwomba.

Jumatatu, 4 Mei

Kesho saa moja asubuhi, yetu, niwe wodini. Saida ameihakikisha saa kwenye barua ya hospitali. Begi ni jingine sasa: pajama, kanzu, kandambili, chaja. Sikuandika orodha.

Msimu wao haujafungwa. Yusufu amechukua ruhusa ya siku moja bila malipo. Mchana huu alipiga kutoka msituni kwa mnong'ono, akaniuliza kama aache simu wazi mfukoni. Hakuna kuongea, alisema, kukaa tu. Nikasema aache.

Nililala kitandani, simu kwenye mto, sikio juu yake. Rehema akaja na mwiko kuniuliza habari ya chumvi. Nikainua kidole. Akaelewa. Akaketi ukingoni, kisha akalala upande wa pili wa simu, mwiko bado mkononi.

Majani. Ndege wadogo nisiowajua. Dale akakohoa mara moja, akajizuia. Mbali sana dume mmoja akalia, akanyamaza, hakusogea. Pumzi ya Yusufu inakwenda na kurudi, na ile filimbi.

Tulisikiliza karibu saa nzima. Jikoni maharage yakaanza kuungua, tukasikia harufu. Hakuna aliyeinuka.